Programu za Kubebeka: Jinsi Zinavyofungashwa na Kuanzishwa

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, kandokando ya mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi mji wa Kasulu ulitegemea umeme wa mashine za dizeli, hadi ulipofikiwa na umeme wa Gridi ya Taifa mwaka 2022. Katika mazingira ya namna hii kompyuta ni chombo cha watu wengi. Mwalimu wa shule ya kijijini huitumia leo katika ofisi ya kata, kesho katika duka la uchapaji mjini Kibondo, na wakati wa semina huitumia katika chuo cha ualimu mjini Kasulu.

Kila afikapo, mwalimu huyo hukutana na taabu ileile. Programu aliyoizoea haimo katika mashine aliyopewa. Akitaka kuiweka, mashine humdai nywila ya msimamizi, naye msimamizi hayupo. Akibahatika kuikuta, basi mipangilio yake yote, yaani lugha, fomula za alama na orodha ya wanafunzi, imebaki katika mashine aliyoitumia juzi, mwendo wa nusu siku kwa basi. Isitoshe, alama za wanafunzi wake sasa zaweza kusomwa na yeyote atakayeketi mbele ya mashine ile.

Je, inawezekana programu ikafungashwa kama msafiri afungashavyo virago, ikafanya kazi katika mashine yoyote ya kuazima, kisha ikaondoka na mwenyewe bila kuacha kitu nyuma? Inawezekana kwa kiasi kikubwa. Ufundi huo si mgumu kiasi cha kumshinda mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa sehemu yake kubwa imeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo kila mtu aweza kuyafungua na kuyasoma.

Kwa nini programu ya kawaida haihamishiki

Zamani, katika kompyuta zilizoendeshwa kwa mfumo wa MS-DOS, programu nyingi zilikaa katika folda moja. Aliyetaka kuihamisha aliinakili folda hiyo katika disketi, ambayo kwa aina iliyoenea sana ilibeba megabaiti 1.44 tu, akaenda nayo kwenye mashine nyingine, na kazi ikaendelea.

Mambo yalibadilika Windows ilipoenea, hasa tangu toleo la mwaka 1995. Programu ikisakinishwa katika mfumo huo hutawanya vitu vyake mahali pengi. Mafaili yake ya kazi huwekwa katika folda ya programu zote. Mipangilio ya mtumiaji huwekwa katika folda yake binafsi ndani ya mashine. Maelezo mengine huandikwa katika hifadhi kuu ya mfumo, ambayo yafaa kuitwa masjala, kwa maana kazi yake ni kama ya masjala ya ofisi: kila programu ina jalada lake humo, na humo ndimo mfumo unamotafuta habari zake.

Mtawanyo huo una faida zake. Kompyuta moja yaweza kutumiwa na watu wengi, kila mmoja kwa mipangilio yake, na msimamizi akaweza kuilinda. Lakini una gharama pia. Mtu akiinakili folda ya programu peke yake na kuipeleka kwenye mashine nyingine, amebeba nyumba na kuacha majalada. Huko iendako programu haitawaka kabisa, au itawaka kana kwamba haijapata kumjua mwenyewe.

Flashi zilipoingia sokoni mwaka 2000, za kwanza zilibeba megabaiti 8 hivi. Baada ya miaka michache zilikuwa na nafasi ya kutosha programu nzima pamoja na kazi ya mtumiaji. Mwaka 2004 Mmarekani aitwaye John T. Haller alitoa toleo la kubebeka la kivinjari cha Firefox, na kazi hiyo ikakua kuwa mradi unaojulikana kama PortableApps.com. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hizi mbili hazikuhusiana, lakini zote zilitegemea jambo moja: programu ambayo leseni yake inaruhusu watu kuifungua, kuirekebisha na kuisambaza upya.

Kifurushi na vyumba vyake

Kanuni ya kwanza ya kufungasha ni kutenganisha vitu vya aina mbili ambavyo kwa kawaida huchanganywa: vile vilivyo vya programu, na vile vilivyo vya mtumiaji. Katika utaratibu wa PortableApps.com, kila programu hupewa folda yake, na ndani yake huwa na vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza huitwa App. Humo hukaa programu yenyewe, pamoja na faili liitwalo appinfo.ini ambalo ni kama cheti cha kuzaliwa: laeleza jina la programu, mchapishaji wake, toleo, lugha na leseni. Chumba cha pili huitwa Data. Humo hukaa kila kitu cha mtumiaji, yaani mipangilio yake, alamisho zake na kumbukumbu za kazi yake. Chumba cha tatu huitwa Other, nacho huhifadhi maelezo ya msaada na msimbo wa chanzo. Nje ya vyumba hivyo, mlangoni pa folda, hukaa faili moja la kubofya, ambalo ndilo kianzishi.

Faida ya mgawanyo huu huonekana siku ya kuleta toleo jipya. Chumba cha App huondolewa na kingine kuwekwa mahali pake, lakini Data haiguswi. Kadhalika mwalimu akitaka kuhifadhi nakala ya akiba, hana haja ya kunakili kifurushi kizima. Data peke yake yatosha, kwa sababu programu yenyewe yaweza kupatikana tena kokote, ila alama za kidato cha tatu haziwezi.

Ndani ya App kuna pia folda iitwayo DefaultData. Kifurushi kikianzishwa kwa mara ya kwanza, na Data ikiwa tupu, kianzishi huchukua vilivyomo humo na kuvinakili katika Data. Kwa njia hiyo shule yaweza kutayarisha kifurushi kimoja chenye mipangilio inayoifaa, kisha kila mwanafunzi akapewa nakala yake na kuanzia pale shule ilipotaka aanzie.

Kianzishi: kupiga hodi, kufanya kazi, kuaga

Kifurushi kikishapangwa vizuri bado kuna tatizo. Programu yenyewe haijui kwamba imo safarini. Ikiwaka itaitafuta mipangilio yake katika folda binafsi ya mashine na katika masjala, kama ilivyofundishwa na watengenezaji wake. Kazi ya kianzishi ni kusimama kati ya programu na mashine ya kuazima, ili programu ikute kila kitu pale inapokitarajia, na mashine ibaki kama ilivyokuwa.

Kianzishi hutenda kazi kwa hatua tatu. Kabla ya programu kuwaka, hukagua kama mashine tayari ina mipangilio ya programu hiyohiyo iliyo mali ya mwenyeji. Ikiwapo, huiweka kando kwa uangalifu. Kisha huchukua mipangilio ya mgeni kutoka Data na kuiweka mahali pale. Katika hatua ya pili huiwasha programu na kuingoja. Programu ikifungwa, hatua ya tatu huanza: kianzishi huirudisha mipangilio iliyobadilika katika Data, hufuta ilichoandika katika masjala, na kuirejesha mali ya mwenyeji mahali pake. Ni adabu ya mgeni mwema, ambaye kabla ya kuaga hufagia chumba alicholala.

Maagizo ya kazi hiyo huandikwa katika faili dogo la maandishi, lililomo katika folda ya Launcher ndani ya App. Chukulia programu ya kubuni iitwayo Hesabu. Sehemu ya kwanza ya faili lake itakuwa na mstari huu:

ProgramExecutable=Hesabu\Hesabu.exe

Maana yake ni kwamba faili la kuwasha liko katika folda ya Hesabu, ndani ya App. Zingatia kwamba mstari hautaji diski. Anwani yake huhesabiwa kuanzia hapo kifurushi kilipo, popote pale kilipo. Sehemu inayoshughulikia folda za kuhamishwa itakuwa na mstari huu:

settings=%APPDATA%\Hesabu

Hapo kianzishi huagizwa kuichukua folda ya settings iliyomo katika Data na kuiweka katika folda binafsi ya mtumiaji, programu iendako kuitafuta. Neno APPDATA lililo kati ya alama za asilimia ni kigeu cha mazingira, yaani jina ambalo thamani yake hutolewa na mashine yenyewe. Katika mashine moja laweza kumaanisha folda ya mhasibu, na katika nyingine folda ya mkuu wa shule. Maandishi hayabadiliki, ila maana hufuata mahali.

Tatizo la herufi ya diski

Katika Windows kila diski hupewa herufi. Flashi ikichomekwa katika mashine ya Kibondo yaweza kupewa herufi E. Ikichomekwa katika mashine ya Kasulu, ambayo E tayari ina mwenyewe, hupewa F. Sasa tuseme programu ya Hesabu iliandika katika kumbukumbu zake kwamba orodha ya wanafunzi imo E:\Masomo\orodha. Ikifika Kasulu itabisha mlango wa E na kukuta nyumba ya mtu mwingine, na mwalimu ataambiwa kwamba faili halipo, hali faili limo mkononi mwake.

Kianzishi hutatua jambo hili kwa kuweka kumbukumbu ya herufi ya safari iliyopita. Kila kinapoanza hulinganisha herufi ya zamani na ya sasa. Zikitofautiana, hufungua mafaili ya mipangilio yaliyotajwa katika maagizo, hutafuta kila mahali palipoandikwa herufi ya zamani, na kuandika mpya. Katika maagizo, herufi ya zamani huitwa %PAL:LastDrive% na ya sasa huitwa %PAL:Drive%. Mwenye kutayarisha kifurushi hutaja tu ni faili gani la kurekebishwa, kipi kitafutwe na kipi kiwekwe badala yake.

Umeme unapokatika

Hatua ya tatu ya kianzishi, ile ya kuaga, ndiyo iliyo hatarini zaidi katika sehemu zenye umeme usiotabirika. Mashine ikizimika ghafla, kianzishi hakipati nafasi ya kufagia. Mabadiliko yote ambayo programu ilikuwa ikiyaweka katika folda ya mwenyeji hubaki huko, na mali ya mwenyeji hubaki imewekwa kando.

Kwa sababu hiyo kianzishi huandika tangu mwanzo kumbukumbu ya kazi inayoendelea, nayo hufutwa kazi inapokwisha salama. Kikianzishwa tena na kuikuta kumbukumbu hiyo, hutambua kwamba safari iliyopita haikuisha vyema, nacho hujaribu kwanza kumaliza usafishaji. Hivyo baada ya umeme kukatika ni busara kurudi kwenye mashine ileile, kukiwasha kifurushi na kukifunga kwa utaratibu, kabla ya kuipeleka flashi mahali pengine. Kadhalika flashi isichomolewe kabla ya programu kufungwa na mashine kuambiwa kwamba inatolewa, kwa maana sehemu ya maandishi yaweza kuwa bado imo katika kumbukumbu ya muda ya mashine na haijafika katika flashi.

Njia nyingine za kufungasha

Utaratibu wa vyumba vitatu si wa pekee. Katika kompyuta za Linux kuna AppImage, ambayo chimbuko lake ni mradi wa klik ulioanzishwa na Simon Peter mwaka 2004. Hapa programu na vitu vyake vyote vya lazima hubanwa katika faili moja. Faili likianzishwa, yaliyomo hufunguliwa kwa muda kama diski ya kusomwa tu, na ndani yake faili liitwalo AppRun huiwasha programu. Mtumiaji akitengeneza kando ya faili hilo folda yenye jina lilelile likimalizikia na .home, programu huitumia folda hiyo kuwa nyumba yake, na mipangilio husafiri pamoja nayo.

Mfano unaowahusu walimu moja kwa moja ni Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti ya uhakika na yenye sura ya Kiswahili pia. Hutolewa kwa namna kadhaa, na mojawapo ni faili moja tu linaloendeshwa na lugha ya Python, mradi Python iwemo katika mashine. Masomo yenyewe hukaa mbali na programu, katika folda inayotajwa na kigeu cha mazingira kiitwacho KOLIBRI_HOME. Anayetaka masomo yakae katika diski ya nje hubadilisha kigeu hicho, wala haigusi programu. Masomo yakishapakuliwa mara moja mahali penye mtandao, yaweza kuhamishiwa katika flashi na kupelekwa shule nyingine kwa baiskeli au basi.

Fikra hiyohiyo ya kubeba vyote pamoja ilitumika kwa vyombo vizima katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Vodafone Foundation pamoja na UNHCR walipeleka huko darasa la kidijiti lenye tableti, projekta, umeme wa jua na seva ya kuhifadhia masomo. Pale ambapo watu wenyewe wamelazimika kuhama, elimu isiyoweza kuhama haiwafai kitu.

Mipaka na tahadhari

Si kila programu hubebeka. Zile zinazohitaji kuingia ndani ya moyo wa mfumo, kama viendeshi vya printa na baadhi ya programu za kupambana na virusi, haziwezi kuishi kama wageni. Programu iliyotengenezwa kwa prosesa ya biti 64 haitawaka katika mashine ya zamani ya biti 32. Nyingine hudai mashine iwe na Java au msingi mwingine wa kuendeshea. Tena flashi ni polepole kuliko diski ya ndani, na huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

Hatari ya virusi nayo ni kubwa, kwa kuwa flashi inayotembelea mashine nyingi hukusanya uchafu wa zote. Zamani Windows iliruhusu flashi kujiwashia programu mara inapochomekwa, na kirusi cha Conficker, kilichozuka mwaka 2008, kilitumia mlango huo miongoni mwa mingine. Microsoft iliufunga mlango huo katika Windows 7 mwaka 2009, na mwaka 2011 ikaufunga katika matoleo ya nyuma kwa njia ya masasisho. Hata hivyo kirusi chaweza kulishika faili la programu lililomo katika flashi. Kwa hiyo kifurushi kichukuliwe kwa mtengenezaji wake, kisichukuliwe katika flashi ya mtu yeyote tu.

Yapo pia mambo ya sheria. Kufungasha upya na kugawa programu ambayo leseni yake hairuhusu ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Alama na majina ya wanafunzi ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kifurushi kisichoacha mipangilio katika mashine ya kuazima humsaidia mwalimu kutimiza wajibu huo. Lakini flashi ikidondoka sokoni, aliyeiokota amepata kila kitu, isipokuwa kama folda ya Data imefungwa kwa nywila. Vilevile uwezo wa kuwasha programu bila nywila ya msimamizi haumwondolei mgeni wajibu wa kumwomba ruhusa mwenye mashine.

Kazi ya darasani

Somo hili laweza kufundishwa kwa vitendo hata kwa kompyuta moja. Mwalimu achukue kifurushi chochote cha kubebeka chenye leseni huria, akiweke katika flashi, na kuwaacha wanafunzi wakifungue bila kukiwasha. Wataje ni vitu gani vya programu na ni vipi vya mtumiaji, wasome appinfo.ini, kisha wasome maagizo ya kianzishi na kueleza kwa maneno yao kila mstari unaamuru nini.

Baada ya hapo kifurushi kiwashwe, lugha au rangi ibadilishwe, na programu ifungwe. Herufi ya flashi ibadilishwe kwa kutumia chombo cha Windows cha kusimamia diski, au flashi ipelekwe kwenye mashine nyingine. Kifurushi kikiwashwa tena, wanafunzi waangalie mambo matatu: kama mipangilio imefuata, kama mafaili ya karibuni yanafunguka, na kama katika folda binafsi ya mashine ya kwanza kumebaki chochote. Kikibaki kitu, watafute katika maagizo ni mstari gani unaokosekana, waandike mstari huo, na kujaribu tena.